Dawa za kupunguza uzito zinazoandikwa na daktari: salama kwa nani, na kwa muda gani?

"Hii dawa ni salama?" Swali ni fupi, na anayeuliza hutaka jibu fupi vilevile. Tatizo ni kwamba hakuna dawa iliyo salama hivihivi tu. Hata vidonge vya kawaida vya maumivu ya kichwa huharibu ini ukivizidisha. Dawa huwa salama kwa mtu fulani, kwa kiasi fulani, kwa muda fulani, ikipimwa dhidi ya hatari ya kukaa bila kuitumia. Kwenye dawa za kupunguza uzito masharti hayo ndiyo yanayosahaulika mapema zaidi. Wanaozisifu husema ni muujiza, wanaozilaani husema ni sumu, na mgonjwa aliye katikati hajui amsikilize nani.

Nianze na wenye woga, maana woga wao una sababu.

Mwaka 1933 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliandika kwamba dinitrofenoli, kemikali iliyokuwa ikitumika kutengeneza vilipuzi, humpunguza mtu uzito. Na kweli humpunguza. Huzifanya seli ziunguze akiba ya mwili na kutoa joto tupu badala ya nguvu. Ubaya wake ni kwamba joto hilo halina breki: dozi ikipanda kidogo tu, mwili huchemka kwa ndani, na hakuna dawa ya kuuzima moto huo. Kuna waliosalimika wakabaki na mtoto wa jicho wangali vijana. Mwaka 1938 Marekani ilitunga sheria mpya ya chakula na dawa, na dinitrofenoli ikatangazwa kuwa haifai kabisa kwa binadamu. Bado inauzwa kwa njia za panya hadi leo, na bado inaua.

Baada yake zikaja amfetamini, zilizokata hamu ya kula na kuleta uraibu. Miaka ya 1990 ikaja zamu ya fenfluramini, iliyokuwa ikichanganywa na fentermini. Mamilioni ya watu Marekani waliitumia. Mwezi Agosti 1997 madaktari wa hospitali ya Mayo Clinic ya huko Marekani walichapisha taarifa ya wanawake 24 waliokuwa wakimeza mchanganyiko huo na ambao vali zao za moyo, yaani milango inayoongoza damu, zilikuwa zimeharibika. Wanawake 24 si wengi, lakini aina ile ya uharibifu haikuwa ya kawaida kwa watu wa umri wao. Mwezi uliofuata fenfluramini ikaondolewa sokoni. Ilikuja kujulikana kwamba huamsha vipokezi (sehemu za seli zinazopokea ishara za kemikali) vilivyomo kwenye vali zenyewe, na vali hunenepa na kushindwa kufunga sawasawa.

Hapo pana jambo ambalo wasimuliaji wengi hulikatia njiani. Fentermini, mwenzake wa kwenye mchanganyiko, haikuondolewa, na huandikwa hadi sasa. Na fenfluramini yenyewe ilirudi mwaka 2020, kwa dozi ndogo, kwa wagonjwa wa aina moja nzito ya kifafa cha watoto, kwa sharti la kupimwa moyo kwa altrasaundi kabla ya kuanza na kila baada ya miezi kadhaa. Dawa ni ileile na hatari ni ya aina ileile. Kilichobadilika zaidi ni kitu kinachowekwa upande wa pili wa mizani. Kwa mtu anayetaka kupungua kilo chache, hatari kwa moyo ni kubwa mno. Kwa mtoto anayeanguka kifafa mara kwa mara, na dawa nyingine zimeshindwa, hesabu hugeuka.

Zikafuata nyingine. Rimonabanti iliruhusiwa Ulaya mwaka 2006. Ilifunga vipokezi vya ubongo vilevile ambavyo bangi huviamsha, na bangi kama ijulikanavyo huleta njaa. Lakini vipokezi hivyo vina kazi pia kwenye furaha na huzuni, na mwaka 2008 ikasimamishwa kwa sababu ya sonona na mawazo ya kujiua. Sibutramini ilijaribiwa kwa watu wapatao 10,000 ambao wengi wao walikuwa na ugonjwa wa moyo au kisukari: waliopata shambulio la moyo, kiharusi au kifo cha moyo walikuwa 11.4 kwa kila 100, na kwa waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa walikuwa 10. Ikaondolewa mwaka 2010. Lokaserini, iliyotengenezwa makusudi ili isiguse vali za moyo, ilifuatiliwa kwa miaka mitano kwa watu 12,000. Kwa moyo ilionekana haina neno. Saratani ndiyo iliyojitokeza: asilimia 7.7 dhidi ya 7.1. Februari 2020 nayo ikaondoka.

Zitazame namba hizo mbili za mwisho. Saba nukta saba dhidi ya saba nukta moja ni tofauti ya watu sita kwa kila 1,000. Daktari mmoja, hata akae na wagonjwa wake maisha yake yote, hawezi kuiona. Mgonjwa naye hawezi kuihisi. Kwa hiyo mtu akisema "mimi nimeitumia mwaka mzima na sina tatizo lolote", anasema kweli, lakini hajasema lolote kuhusu usalama wa dawa. Madhara ya namna hii huonekana pale tu maelfu ya watu wanapofuatiliwa kwa miaka, nusu yao wakiwa na dawa na nusu wakiwa na kidonge kitupu. Dawa nyingi za zamani ziliruhusiwa kabla ya kazi hiyo kufanyika. Zilipimwa kwa kilo zilizopungua, kwa miezi, kisha umma ndio ukawa jaribio.

Sindano za sasa

Dawa zinazozungumzwa leo, semaglutidi (Wegovy, na Ozempic kwa kisukari), tirzepatidi (Zepbound na Mounjaro) na liraglutidi (Saxenda), ni za ukoo mwingine kabisa. Zinaiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, ambayo mwili huitoa baada ya kula. Tirzepatidi huiga na ya pili, GIP. Homoni ya asili huvunjwavunjwa ndani ya dakika chache. Ile ya kutengenezwa imerekebishwa ili ikae mwilini muda mrefu zaidi, ndiyo maana semaglutidi huchomwa mara moja kwa wiki. Hupunguza mwendo wa chakula kutoka tumboni na kuuambia ubongo kwamba mtu ameshiba. Wengi husema kelele za chakula kichwani zimenyamaza.

Ukoo huu haukuzaliwa jana. Dawa yake ya kwanza, eksenatidi, iliyotokana na uchunguzi wa mate yenye sumu ya mjusi wa Gila wa majangwa ya Amerika Kaskazini, iliruhusiwa kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 2005. Hiyo ni miaka zaidi ya 20 ya matumizi. Semaglutidi ya dozi ya kupunguza uzito iliruhusiwa Marekani Juni 2021, na tirzepatidi kwa kazi hiyohiyo Novemba 2023. Yaani ukoo unajulikana vizuri, ila matumizi yake ya dozi kubwa, kwa watu wasio na kisukari, kwa miaka mingi mfululizo, ndiyo yenye umri mdogo. Kauli zote mbili ni kweli kwa pamoja, na mtu hapaswi kuchagua ile inayompendeza tu.

Safari hii jaribio kubwa la moyo halikusahauliwa. Utafiti uitwao SELECT uliwafuata watu 17,604 wenye unene na ugonjwa wa moyo au mishipa ya damu ambao hawakuwa na kisukari. Matokeo yalitoka mwaka 2023: waliopata kifo cha moyo, shambulio la moyo au kiharusi walikuwa asilimia 6.5 kwa waliochomwa semaglutidi na asilimia 8 kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa. Kwa mara ya kwanza dawa ya kupunguza uzito ilionyeshwa kuulinda moyo badala ya kuudhuru. Lakini katika utafiti huohuo asilimia 16.6 ya waliopewa dawa waliiacha kwa sababu ya madhara, mara mbili ya upande wa pili. Dawa inaweza kuwa ya kusaidia na bado ikamshinda mtu mmoja kati ya sita.

Kinachowashinda mara nyingi ni tumbo. Katika utafiti mkubwa wa semaglutidi kwa kupunguza uzito, wa watu 1,961 kwa wiki 68, asilimia 44 ya waliopewa dawa walipata kichefuchefu na karibu robo walitapika. Kwa wasio na dawa ilikuwa asilimia 17 na 7. Kuharisha na kufunga choo navyo vilikuwepo. Hayo hutokea zaidi dozi inapopandishwa, kisha kwa wengi hutulia. Ndiyo sababu dozi hupanda kama ngazi: miligramu 0.25 kwa wiki nne, halafu 0.5, 1, 1.7, kisha 2.4. Anayeruka ngazi kwa haraka ya matokeo hajiongezei matokeo. Hujiongezea ndoo kando ya kitanda. Na kutapika si usumbufu tu. Mtu asiyeweza kunywa maji siku mbili tatu huishiwa maji mwilini, na figo zake zinaweza kuumia. Madhara mengi ya figo yanayotajwa kwa dawa hizi hupitia mlango huo.

Kisha kuna yaliyo machache lakini mazito. Mawe kwenye kifuko cha nyongo huongezeka, kwa sehemu kwa sababu kupungua haraka kwa njia yoyote huyaleta. Kuvimba kwa kongosho hutokea mara chache. Mwenye kisukari aliyeharibika macho anahitaji kuangaliwa, kwa kuwa sukari inaposhuka ghafla macho yanaweza kuzidi kwa muda. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoisukuma insulini anaweza kushukiwa na sukari kupita kiasi, hivyo dozi za dawa hizo mara nyingi hupunguzwa. Na anayekwenda kufanyiwa upasuaji lazima amwambie daktari wa usingizi, kwa sababu tumbo lake linaweza kuwa bado na chakula hata akiwa amefunga kama alivyoagizwa, na chakula hicho kikipanda kikaingia mapafuni ni hatari ya papo hapo.

Namna ya kusoma habari za kutisha

Mwezi Juni 2025 Shirika la Dawa la Ulaya lilihitimisha kwamba semaglutidi inaweza kusababisha ugonjwa wa jicho uitwao NAION, ambapo damu hukosekana kwenye mshipa wa fahamu wa jicho na mtu hupoteza kuona ghafla bila maumivu. Habari zilisema hatari "huongezeka maradufu". Si uongo. Lakini maradufu ya nini? Shirika hilohilo lilieleza kwamba ongezeko hilo, lililoonekana kwa watu wenye kisukari, ni kama mgonjwa mmoja zaidi kwa kila watu 10,000 wanaotumia dawa kwa mwaka. Maradufu ya kitu kidogo sana bado ni kitu kidogo. Ambacho si kidogo ni upofu wenyewe kwa yule mmoja. Kwa hiyo hitimisho la busara si kuikimbia dawa wala kuipuuza habari: ni kujua kwamba jicho likififia ghafla unakwenda hospitali siku hiyohiyo na dawa inasimama.

Saratani ya tezi ya shingo ina kisa kinyume chake. Panya waliopewa dawa hizi walipata uvimbe kwenye seli fulani za tezi, na onyo zito likawekwa kwenye maelezo ya dawa Marekani. Panya wana vipokezi vingi vya GLP-1 kwenye seli hizo kuliko binadamu. Mwaka 2023 Shirika la Dawa la Ulaya lilipitia ushahidi likasema hauonyeshi kwamba dawa hizi ndizo zinazosababisha saratani ya tezi kwa watu. Hata hivyo, mtu ambaye yeye au ndugu yake wa damu amewahi kuwa na saratani ya tezi ya aina ya medula, au ana ugonjwa wa kurithi uitwao MEN2, haandikiwi. Kwa mtu huyo hata shaka ndogo ina uzito. Kuhusu mawazo ya kujiua, mamlaka za Ulaya na Marekani zilichunguza na mwaka 2024 hazikuona kwamba dawa hizi ndizo chanzo. Baada ya yaliyotokea kwa rimonabanti, nafurahi kwamba walichunguza.

Wanawake wana mambo mawili ya kuyajua mapema, na nashangaa namna yanavyotajwa kwa kunong'ona. Dawa hizi hazitumiki wakati wa mimba, na semaglutidi huachwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mtoto kwa sababu hukawia kutoka mwilini. La pili ni tirzepatidi: inaweza kudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, hasa wiki nne baada ya kuanza na wiki nne baada ya kila kupanda kwa dozi. Kwa kuwa uzito ukipungua hedhi iliyopotea hurudi na mimba hushika kwa urahisi zaidi, mtu anaweza kushtukizwa.

Misuli nayo. Kilo zinazopungua si mafuta matupu. Sehemu yake ni misuli, kama inavyokuwa kwa kila njia ya kupungua. Kijana mwenye nguvu hataona tofauti kubwa. Mzee wa miaka 75 ambaye tayari huinuka kitini kwa kushika meza anaweza kupungua kilo 15 na kupoteza uwezo wa kuinuka. Kwake mazoezi ya kubeba uzito na protini ya kutosha ni nusu ya matibabu, na daktari asiyeyataja ameandika nusu ya cheti.

Vidonge vya zamani vilivyobaki navitaja haraka. Olistati huzuia mafuta ya chakula yasifyonzwe. Ubaya wake mkubwa ni choo cha mafuta kisichongoja, na vitamini zinazoyeyuka kwenye mafuta hupungua. Fentermini hupandisha mapigo ya moyo, haifai kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Ikichanganywa na topiramati na kumezwa na mjamzito, mtoto anaweza kuzaliwa na mdomo sungura. Naltreksoni na bupropioni kwa pamoja hazipewi mwenye kifafa wala anayetumia dawa za jamii ya afyuni.

Siku ukiacha

Waliomaliza wiki 68 za semaglutidi wakaacha walifuatiliwa: mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha theluthi mbili za uzito waliopoteza. Wengine huona hapo ushahidi kwamba dawa haifai. Mimi naona tu kwamba inafanana na dawa ya shinikizo la damu: hufanya kazi siku unazoitumia. Ila maana yake kwa usalama ni nzito. Dawa ya maisha haipimwi kwa ushahidi wa miezi 16, na anayeanza akidhani ataacha baada ya kupungua amekubali jambo ambalo hakuelezwa.

Ndiyo sababu swali la "kwa nani" halikwepeki. Majaribio yaliandikisha watu wenye uwiano wa uzito na urefu wa 30 na kuendelea, au 27 ikiwa tayari wana ugonjwa unaoletwa na uzito. Kwa hao, upande wa pili wa mizani umejaa: kisukari, moyo, ini, magoti, kukosa pumzi usingizini. Mtu mwembamba anayetaka kupunguza kilo nne kwa ajili ya sherehe hubeba kichefuchefu kilekile, nyongo ileile, kongosho lilelile, na upande wa faida hana kitu. Wala majaribio hayo hayakufanywa kwa watu kama yeye.

Kisha mahali dawa ilikotoka. Yote niliyoyasema yanahusu dawa halisi, kwa dozi halisi. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia iliyokuwa imekamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Austria mwaka 2023 watu walilazwa hospitalini baada ya kujichoma kwa kalamu bandia (sindano ya dawa yenye umbo la kalamu). Sukari zao zilishuka ghafla, jambo lililoashiria kwamba ndani mlikuwa na insulini. Njia nyingine ya kuumia ni chupa ndogo ambazo mtu hujivutia dozi mwenyewe kwa bomba. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kuna waliojichoma mara 5 hadi 20 ya kiasi kilichokusudiwa, kwa kuchanganya miligramu, mililita na vipimo vya kwenye bomba. Hapo namba za SELECT hazikusaidii. Hazikupimwa kwa kitu ulichokishika mkononi.

Daktari anayeandika dawa hii kwa haki atakuuliza kuhusu tezi, kongosho, nyongo, macho, mimba, dawa nyingine unazomeza, na kama umewahi kuugua ugonjwa wa kula. Akikuandikia bila kuuliza, uliza wewe. Ukishaanza, maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni na yasiyoachia, kutapika kusikokoma, ngozi au macho kuwa ya njano, au jicho kufifia ghafla, si mambo ya kungojea kesho. Nenda na kalamu yenyewe au kasha lake, na taja siku uliyochoma mara ya mwisho: semaglutidi hukaa mwilini wiki kama tano hadi saba baada ya sindano ya mwisho, na atakayekupokea hawezi kuiona kwa kukutazama.